Tone Juu ya Maji Yaliyotuama

Mji wa Singida umekaa baina ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini, na mtu aliyezaliwa pwani kama mimi, ayatazamapo mara ya kwanza kutoka juu ya majabali yaliyolundikana ufukoni, hudhani amerudi kwao, mpaka angoje siku mbili tatu maji yapwe, asiyaone yakipwa. Maziwa haya hayana mto wa kuyatoa. Mvua huyaleta maji, jua huyachukua, na kila kisichoweza kupaa pamoja na mvuke hubaki hapo hapo. Ndiyo asili ya chumvi yake.

Mas'ala ninayoyaandika yalinijia asubuhi moja ufukoni Singidani, nilipomwona kijana akiitia petroli mashine ya boti ndogo ya matembezi. Hakuliteremsha tangi nchi kavu wala hakutumia faneli. Alilipandisha dumu begani, akamimina hata mafuta yakafurika na kuchuruzika ubavuni mwa chombo. Juu ya maji pakatandaa rangi za upinde wa mvua, utando mwembamba kuliko ukaya, ukisukumwa na upepo kuelekea walikosimama heroe. Tulipokwisha kuamkiana nilimwambia, "Mwanangu, umemwaga." Akanijibu kwa adabu zote, "Ni tone tu hilo, mzee. Ziwa lote hili litadhurika nini?"

Jawabu lile si la kudharauliwa, kwani lina mashiko katika elimu ya fikihi. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani, maji yakitimia kulateni, yaani kipimo cha mitungi mikubwa miwili, hayanajisiki ila yabadilike rangi, ladha au harufu. Na mafuta ambayo asili yake ni tohara, kwa kuwa hayachanganyiki na maji bali huelea, mafakihi huyahesabu kuwa mujawiri, yaani jirani, na mabadiliko yaletwayo na jirani hayayaondolei maji twahara yake. Fakihi angaliketishwa pale jiweni kuamua kati yetu, kijana angalishinda, na mimi ningalitawadha kwa maji yale yale.

Lakini hukumu hiyo yamhusu mwenye kutawadha, haimhusu heroe. Ndege yule manyoya yake yakiingiwa na mafuta huacha kuzuia maji, baridi ikampenya mwilini, naye ajisafishapo kwa mdomo huyameza. Tena Mtume alipokataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo, aliyataja yale yasiyopita, na wako wanavyuoni waliofafanua kwamba hata yawapo mengi si vizuri, kwa kuwa jambo hilo likirudiwarudiwa huyaharibu. Hapo ndipo penye uzito. Sisi watu wa bahari tumelelewa na maji kujaa na kupwa, tukazoea kudhani kwamba kinachoondoka machoni kimeondoka duniani, kisha tukaja na dhana hiyo hadi barani kwenye ziwa lisilo na mlango.

Na neno "tone" nalo lina hila yake. Mwaka 1774 Benjamin Franklin, mwanachuoni wa Marekani, alitangaza jinsi alivyotia kijiko kimoja kidogo cha mafuta katika kidimbwi cha Clapham, London, akayaona yakitanda upesi na kuyalaza mawimbi mahali pa kadiri ya nusu ekari. Yeye alistaajabia utulivu ule. Mimi wanitia hofu. Isitoshe, mashine kuukuu za mipigo miwili, zinyweshwazo petroli iliyochanganywa na oili, huweza kutoa kadiri ya robo ya mafuta hayo bila kuungua, hata mwenyewe asipomwaga kitu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati ina ofisi yake papa hapa mjini. Lakini utando wa alfajiri huwa haupo adhuhuri, na mkaguzi hukagua akionacho. Kwa hiyo neno hubaki baina ya mtu na Mola wake: tangi lijazwe nchi kavu, lisijazwe pomoni kwa kuwa petroli hutanuka juani, na maji ya ngama yenye oili yachotwe kwa kopo yatiwe ndooni.

Kijana, kwa kuniridhisha, alikwenda kuleta sabuni ya unga. Nikamzuia. Sabuni huyavunja mafuta yakawa vitone vidogo mno, yakazama. Jicho hupumzika, samaki na wadudu wa majini huongezewa sumu. Wanavyuoni wameshurutisha katika tauba kwamba haki iliyochukuliwa irudishwe kwa mwenyewe, na sabuni hairudishi kitu, husitiri tu.

Tukachana mto mkuukuu uliokuwa botini, tukatoa sufi, ambayo maji huyakataa na mafuta huyanywa mara nyingi ya uzito wake (na jina lake, nilimwambia, ni la wacha Mungu pia, akacheka). Tukaipitisha taratibu pale utando ulipokusanyika penye mawe, ikawa nzito, ikanuka. Kijana akaikamua kidogo ndani ya kopo, akasimama nayo mkononi, akatazama ziwani, akatazama vichakani.

"Na hii sasa, mzee," akauliza, "tutaitupa wapi?"