Nani Yuko Kwenye Ndoano Yako?



Leo sianzi na somo la Jumapili. Naanza na kosa langu, na kosa lenyewe linahusu ndoo ya visamaki.

Majira ya joto yaliyopita nilitumwa kusaidia parokia moja huko Minnesota, Marekani, jimbo linalojiita nchi ya maziwa 10,000. Mzee mmoja wa parokia aliposikia nimezaliwa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, alifurahi kama amempata ndugu yake. "Basi wewe ni mvuvi!" Kusema kweli mimi ni mla samaki kuliko mvuvi, ila nikanyamaza. Jumamosi saa kumi jioni tukaingia ziwani watu watatu: yeye, mjukuu wake wa kike wa miaka 16, na mimi.

Tulikuwa tunamtafuta walleye, samaki wa maji baridi mwenye rangi ya dhahabu iliyoingiliana na kijani. Tangu 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo lile. Macho yake yana utando unaorudisha mwanga, kama macho ya paka usiku, ndiyo maana huwinda vizuri giza linapoanza kuingia.

Mzee alitumia chambo hai. Alichukua kisamaki, akapitisha ndoano mdomoni, akakishusha majini kikiwa bado kinaogelea. Mambo haya si mageni kwetu, maana wavuvi wa sangara nao hutumia kambale wadogo walio hai. Mjukuu alitumia chambo bandia: ndoano yenye kichwa cha risasi, imevishwa mkia wa plastiki laini. Alikuwa akiinua na kushusha fimbo ili ile plastiki itikisike kama kitu chenye uhai.

"Babu anatesa visamaki," binti akaniambia.

"Na yeye anamdanganya walleye," babu akajibu. "Mimi angalau nampa chakula cha kweli." Kisha wote wawili wakanigeukia. "Wewe umesoma falsafa. Nani yuko sahihi?"

Jamani, digrii yangu haijawahi kuulizwa swali gumu namna hiyo ndani ya mtumbwi.

Nilianza na lile jepesi. Je, kumdanganya samaki ni uongo? Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili kuhusu uongo tu, na kwake uongo ni kusema kinyume cha kilicho moyoni kwa nia ya kudanganya. Uongo huvunja uaminifu kati ya viumbe wanaoweza kusemezana. Samaki hakuniuliza neno, wala sikumwahidi kitu. Hivyo mkia wa plastiki si dhambi ya ulimi. Na kama ingekuwa udanganyifu, babu naye asingepona, maana naye ameficha ndoano.

Swali la mateso ni zito zaidi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inaturuhusu kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini inasema kuwatesa au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Angalia: hadhi yetu sisi! Mtakatifu Thoma wa Akwino alishaliona hilo. Mtu anayezoea ukatili kwa mnyama, mwisho wake atauhamishia kwa binadamu.

Kwa hiyo neno la kupima ni "haja". Binti ana hoja: kama plastiki inavua, kwa nini kisamaki kiteseke? Tena walleye mara nyingi humeza chambo hai hadi ndani kabisa, na akirudishwa majini kwa sababu sheria hairuhusu ukubwa wake, anaweza kufa. Lakini babu mikono inamtetemeka. Kuchezesha fimbo saa nzima hawezi, na walleye anayempata anamla. Tena plastiki ikikatika hubaki ziwani na haiozi. Nikawaambia kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Wakacheka, wakasema nimejibu kama mwanasiasa.

Sasa kosa langu. Dukani babu alisema dazeni moja ya visamaki inatosha. Mimi nikasisitiza mbili, eti tusije tukapungukiwa. Nikapewa kazi moja tu: kuiweka ndoo kivulini na kuangalia maji yake. Kule jua la wakati ule huzama karibu saa tatu usiku, na mimi nilikuwa bize kupiga picha za kutuma nyumbani. Nilipoitazama ndoo, visamaki karibu vyote vilikuwa vimeelea, matumbo juu.

Hata kuvimwaga ziwani hairuhusiwi, kwa sababu chambo kinaweza kuleta ugonjwa au viumbe wageni. Mtu wa Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Sangara aliletwa kwetu miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka. Basi visamaki vyangu vikaenda kwenye pipa la taka. Binti hakusema kitu. Alinitazama tu.

Usiku ule nilielewa kwamba kwenye mabishano yetu yote, mimi ndiye niliyeua pasipo haja. Babu alikitazama kila kisamaki alichokitumia. Mimi sikuvitazama kabisa. Na nikakumbuka jambo lingine.

Mwaka juzi tulitembelea kituo cha watoto yatima. Nilimpiga picha mtoto mmoja akilia, nikaiweka kwenye ukurasa wetu wa vijana ili watu waguswe na wachangie. Nilipata "like" nyingi, na michango kidogo ikaja. Nia ilikuwa njema, si ndiyo? Lakini jina la yule mtoto silijui, kwa sababu sikumuuliza. Nilimtundika machozi yake yakiwa bado yanatoka, nikamshusha majini ili wengine waje. Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu, na Karol Wojtyła akaijenga hoja hiyo upya katika kitabu chake kuhusu upendo na uwajibikaji. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri tu.

Mtakatifu Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, aliueleza wokovu kwa mfano wa mvuvi: Ibilisi aliumeza mwili wa Kristo kama samaki mroho amezavyo chambo, akanaswa na ndoano ya Umungu iliyofichwa ndani. Darasani tulibishana sana kama mfano huo unamfanya Mungu kuwa mdanganyifu. Leo ninaona kitu kingine ndani yake. Mungu alipohitaji chambo, hakumtafuta mdogo wa kumtundika. Alijitoa mwenyewe.

Wiki hii nimeifuta ile picha. Nimempigia simu sista wa kituo kuuliza jina la yule mtoto, na sasa namwombea kwa jina lake.

Na wewe, ndugu yangu? Rafiki unayemsogelea ili umfikie kaka yake, mchumba unayemweka akiba, maskini unayempiga picha: umewahi kumtazama machoni?

Ee Bwana, utufundishe kumtazama yule anayelipia tunachokitaka. Amina.