Bei ya Kusema Hapana

Tarehe 7 Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai. Kabla ya hapo alikuwa ameandamwa na wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina moja la kubuni, Mzee Punch. Kisa chake kinaelezeka kwa maneno machache: alitakwa, akakataa, akaadhibiwa kwa kukataa.

Punch ilikuwa desturi ya Mlimani, kama kampasi ya chuo hicho inavyoitwa. Usiku watu wasiojulikana walibandika ukutani karatasi zenye michoro na maneno ya kumdhalilisha mtu, na kulipokucha wanafunzi wakajazana kusoma. Ilipoanza, miaka mingi nyuma, iliwalenga wakubwa na siasa zao. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imewageukia wanafunzi wa kike, hasa waliothubutu kumkataa mwanamume. Aliyebandikwa alitengwa, na rafiki aliyesimama naye alijua kwamba kesho huenda ikawa zamu yake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, hakikukubali kifo kile kipite hivihivi. Kilipaza sauti hadi suala likatoka Mlimani na kuwa la taifa, na Punch ikapigwa marufuku mwaka uleule.

Unyanyasaji vyuoni unapozungumzwa, macho hukimbilia haraka kwa mhadhiri na alama zake. Lakini waliomwandama Levina hawakuwa na alama za kutoa wala mtihani wa kusahihisha. Nguvu yao ilikuwa ukuta, na watu waliosimama mbele ya ule ukuta wakasoma na kucheka. Bila wasomaji, karatasi ile isingekuwa na makali yoyote. Ndiyo maana kisa hiki, baada ya zaidi ya miaka 30, bado kinafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kufikiri juu ya ridhaa, kwa kuwa kinahamisha swali. Mazoea ni kuuliza kama msichana alikubali. Swali lililo zito zaidi ni jambo gani lingempata kama angekataa.

Ridhaa ya mtu haipimwi kwa kulitazama neno alilolitamka. Hupimwa kwa kuitazama njia ya pili ambayo hakuipita. Kama njia hiyo ilikuwa wazi, na kama angeipita kesho yake ingebaki vilevile, basi alichokisema kilikuwa chake. Kama mwishoni mwa njia ile kulikuwa na adhabu, iwe ya kubandikwa ukutani, ya kufelishwa au ya kunyimwa sahihi, basi hata neno la kukubali lililotamkwa kwa tabasamu halina mwenyewe. Kwa hiyo chuo kinachotaka kuzuia unyanyasaji kina kazi moja kubwa kuliko zote: kuhakikisha kwamba kusema hapana hakumgharimu mtu kitu.

Na gharama hiyo hailingani kwa kila mtu.

Chukua mfano wa Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida. Wengi mkoani wanaifahamu kwa hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko huko. Binti anayetoka nyumba ya kawaida ya eneo kama hilo akienda kusoma Dodoma au Dar es Salaam, hupanda basi na zaidi ya nguo na vyeti vyake. Nyuma yake kuna magunia ya alizeti au ya vitunguu yaliyouzwa kabla bei haijapanda, kuku waliotolewa bandani wote kwa mkupuo, mjomba aliyeongeza nauli. Kuna mkopo wa Bodi ya Mikopo utakaodaiwa hata kama shahada haikupatikana. Kuna wadogo zake walioambiwa wasubiri, zamu yao itafika dada akimaliza. Mtu huyu akitishiwa sapu, hasikii habari ya mtihani mmoja wa kurudiwa tu. Na akitishiwa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, anaona uso wa mama yake. Mwenzake ambaye baba yake anaweza kumpigia simu mkuu wa kitivo, au kumhamishia chuo cha binafsi muhula ujao, anasikia tishio lilelile likiwa na uzito wa robo tu. Mnyanyasaji analijua hilo. Hachagui ovyo, humtafuta yule ambaye kwake kukataa ni ghali.

Hapa ndipo ubaguzi na unyanyasaji vinapokutana. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 12 na ya 13, inasema binadamu wote ni sawa, kila mtu anastahili heshima ya utu wake, na mtu asibaguliwe. Lakini tofauti za kipato, za jinsia, za ulemavu, za lafudhi, za kuwa na ndugu mjini au kutokuwa naye, haziishi kwa kuandikwa kwenye ibara. Zinageuka kuwa viwango tofauti vya bei ya kukataa. Chuo kinaweza kuwapokea wanafunzi wote kwa sifa zilezile na bado kikawa na madarasa mawili ndani yake: wanaoweza kumudu kusema hapana, na wasioweza.

Sheria imejaribu kulitazama jambo hili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, maarufu kama SOSPA, iliingiza unyanyasaji wa kijinsia, hata wa maneno, katika makosa ya jinai. Miaka 9 baadaye, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ilikwenda mbali zaidi katika kifungu chake cha 25: mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la ajira, cheo, haki au upendeleo ametenda kosa la rushwa. Uamuzi wa kuliweka jambo hilo katika sheria ya rushwa ulikuwa wa busara kuliko wengi wanavyodhani. Unatamka kwamba kiini cha kosa ni mamlaka ya umma kutumiwa kama mali binafsi, hata kama kinachouzwa ni alama ya B kwenye karatasi.

Wazo hilo si geni nchini. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU, zilizokaririwa na watoto wa shule kwa miaka mingi, ilikuwamo ile inayokifanya cheo kuwa dhamana. Mwenye dhamana hushika kisicho chake kwa niaba ya mwenyewe. Alama ya mwanafunzi ni yake tangu alipoifanyia kazi kwenye mtihani. Msahihishaji anaiona tu na kuitangaza. Anayeidaia malipo anauza kitu cha mtu kwa mtu huyohuyo.

Hata hivyo, mwaka 2024 yalipendekezwa marekebisho ya sheria ya rushwa ambayo yangemtia hatiani pia mtu anayetoa au kuahidi ngono kwa mwenye mamlaka. Watetezi wa haki za wanawake waliyapinga kwa nguvu, wakihofia kwamba mwathirika atageuzwa mshtakiwa na hakuna atakayethubutu tena kuripoti. Waliounga mkono walikuwa na hoja inayosikika kuwa ya haki: rushwa ina pande mbili, mtoaji na mpokeaji, kwa nini mmoja aachwe?

Hoja hii inastahili kujibiwa kwa kina, na jibu lake ni la zamani sana. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anamzungumzia nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Je, ametupa kwa hiari? Kwa namna moja ndiyo, kwani mikono ni yake na uamuzi ni wake. Lakini hakuna mwenye akili timamu anayetupa shehena bahari ikiwa shwari. Tendo hilo ni mchanganyiko wa hiari na shuruti, asema mwanafalsafa huyo, na matendo ya aina hiyo yahukumiwe kwa kutazama saa yalipotendwa. Binti aliyekubali ili asidisko ametupa shehena. Tofauti yake na nahodha ni moja, na ni kubwa: dhoruba ya nahodha haina mtu nyuma yake. Ya binti imetengenezwa na mtu, ofisini, akijua anachofanya.

Itasemwa kwamba wapo wanafunzi wanaokwenda wenyewe kwa mhadhiri, bila kuusomea mtihani, wakijinadi. Wapo, na kukana hilo hakumsaidii mtu. Lakini tazama kinachotokea kila upande ukikataa. Mhadhiri akimkatalia mwanafunzi anayejileta, hapotezi chochote: mshahara wake uko palepale, ofisi yake iko palepale, usingizi wake ni mzuri zaidi. Mwanafunzi akimkatalia mhadhiri, anaweza kupoteza mwaka mzima. Watu wawili ambao kukataa kwao kuna bei tofauti kiasi hicho hawawezi kubeba lawama sawa. Aliyeweza kukataa bure ndiye mwenye mzigo mkubwa.

Madhara hayaishii kwa wawili hao. Mitaani kuna msemo mchafu wa shahada za chupi, na huwaangukia hata wanawake waliokesha maktaba. Mhadhiri mmoja fisadi huwatia doa wahitimu wa kike wa kitivo kizima, pamoja na wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Mwajiri huanza kuuliza kimoyomoyo vyeti vilipatikanaje. Hivyo kosa lililotendwa dhidi ya mmoja linarudi likiwa ubaguzi dhidi ya wengi, na wanaotendewa ndio wanaochekwa.

Kusema hadharani nako kuna gharama, hata kwa mwenye nafasi. Novemba 2018, Rais John Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyojengwa kwa msaada wa China, Dk. Vicensia Shule, mhadhiri wa chuo hichohicho, aliandika kwenye Twitter kumweleza Rais kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Ujumbe ule mfupi uliwasha mjadala wa nchi nzima, na yeye mwenyewe akaitwa kuhojiwa. Kama mwenye shahada ya uzamivu na ajira ya kudumu alilazimika kumfikia Rais kwa njia hiyo, msichana wa mwaka wa pili angepitia wapi? Baadaye TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ilifanya utafiti juu ya tatizo hilo katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, hatua iliyoondoa kisingizio kwamba hizo ni porojo za mitandaoni. Afrika Magharibi nako, Oktoba 2019, BBC ilionyesha uchunguzi wa kamera za siri katika vyuo vikuu vya Lagos na Ghana, na wazazi wa huku waliutazama wakitambua kila kitu isipokuwa majina.

Tangu mwaka 2021 vyuo vya elimu ya juu na ya kati nchini vimetakiwa kuwa na madawati ya jinsia. Ni hatua njema, lakini dawati ni samani tu kama bei ya kukataa haijaguswa. Likiwa kwenye korido ileile ya wahadhiri, likihudumiwa na mtu anayekula chakula cha mchana pamoja na mtuhumiwa, mwanafunzi atalipita kama asiyeliona. Kinachofanya kazi zaidi ni mipango mikavu isiyopigiwa picha. Mitihani isahihishwe kwa namba bila majina. Karatasi ya anayefeli isomwe na msahihishaji wa pili kabla matokeo hayajabandikwa. Mtahini wa nje apewe muda wa kweli wa kukagua, asiletwe siku mbili za kutia sahihi. Utafiti wa shahada uwe na wasimamizi wawili. Mwanafunzi aliyeko kwenye mafunzo kwa vitendo, mbali na chuo, asitegemee kalamu ya msimamizi mmoja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kuujua moyo wa mhadhiri, mwema au mbaya. Yote yanaondoa mkononi mwake kile ambacho angeweza kukiuza.

Mipango hiyo inamlinda pia mhadhiri mwadilifu, na hili halisemwi vya kutosha. Wapo wanaoogopa kusingiziwa na mwanafunzi aliyefeli kwa uvivu, na hofu yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa haki ya kusikilizwa ni ya mtuhumiwa pia. Alama iliyopita mikononi mwa watu wawili, ikiwa na namba badala ya jina, ni ushahidi wake bora kuliko kiapo chochote.

Nje ya geti mambo ni magumu zaidi. Singida mjini ipo kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, na kama ilivyo katika miji mingi yenye vyuo, si kila mwanafunzi analala bwenini. Wengine hupanga mitaani. Katika maisha ya geto, kukataa kuna bei kwa mwenye nyumba anayedai kodi, kwa bodaboda wa usiku, kwa mwenzake mwenye simu na picha. Ukuta wa Punch sasa umo ndani ya makundi ya WhatsApp, na wasomaji wake ni wengi kuliko waliowahi kukusanyika Mlimani. Kanuni za chuo zinazokoma getini zinamwacha mwanafunzi peke yake saa ambazo anahitaji mtu. Serikali ya wanafunzi, mwenyekiti wa mtaa na dawati la jinsia la polisi wangeweza kukutana mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo, wakajuana kwa sura na namba za simu, kabla tatizo halijawakutanisha.

TAKUKURU inapokea taarifa kwa namba 113, bila malipo. Binti akiipiga akiwa chumbani kwake, kuna mambo ambayo chuo kinatakiwa kuwa kimeshayaamua kabla simu haijapokelewa upande wa pili: nani atasimamia utafiti wake kuanzia wiki hiyo, nani atasahihisha mtihani wake wa muhula huo, na nani atamjibu mama yake akipiga simu kuuliza kama mtoto bado yuko chuoni.