Neno “Anaweza”

Mchezaji wa kawaida akikosa, tunaguna, kisha tunaendelea kutazama. Hasira yenyewe tunamwekea mwenye kipaji, yule ambaye msimu mzima hashikiki, ikifika mitoano anapotea uwanjani. Ichunguze hasira hiyo, utaikuta imeegemea neno moja: anaweza.

Neno hilo limenikaa kichwani tangu alfajiri ya Juni 21, 2021. Kule Philadelphia ilikuwa bado usiku wa Jumapili. 76ers walikuwa nyumbani, mechi ya 7 ya mitoano ya NBA dhidi ya Atlanta Hawks, nyuma kwa pointi 2, zimebaki dakika 3 na nusu. Ben Simmons wa 76ers akapokea mpira karibu na kikapu, akageuka, Danilo Gallinari akabaki nyuma. Mbele yake alikuwepo Trae Young peke yake, ambaye Simmons alimzidi kimo kwa zaidi ya sentimita 20. Mtu wa mita 2.08 akiwa pale anaudanki mpira tu, mambo yamekwisha. Simmons akatoa pasi kwa Matisse Thybulle. Thybulle akachezewa rafu, akafunga mtupo huru 1 kati ya 2. Hawks wakashinda 103–96. Mcheza kwao hutunzwa, lakini Simmons hakuichezea tena Philadelphia. Februari 2022 alihamishiwa Brooklyn Nets.

Nilimkasirikia sana. Lakini nilijuaje kwamba anaweza?

Aristotle alibishana na wanafalsafa wa Megara waliodai kwamba mtu ana uwezo pale tu anapoutumia. Akawauliza: mjenzi akiweka zana chini, ujenzi umemtoka? Sisi mashabiki tuko upande wa Aristotle bila hata kumsoma. Tunaamini kipaji kipo hata kikilala, ndiyo maana kisipoamka tunahisi tumenyimwa kitu chetu.

Ila tazama kilichokuwa ndani ya pasi ile. Katika mitoano ya mwaka huo Simmons alifunga mitupo huru 25 kati ya 73. Angeruka, huenda angechezewa rafu. Angechezewa rafu, angesimama mstarini peke yake, ukumbi mzima ukimtazama. Naamini alichokikimbia ni mstari ule, wala si Young. Kudanki mazoezini na kudanki pale ni matendo mawili, na sisi tulikuwa tumempima moja. Tulihesabu kimo, kasi na mikono, tukauacha ujasiri nje ya hesabu, kana kwamba kila mtu anazaliwa nao na ni uamuzi tu kuutumia. Ujasiri nao ni uwezo. Unajengwa kwa mazoezi, na unabomoka.

Simwondolei lawama. Mchezaji aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti ya NBA mwaka 2016 alikuwa na miaka ya kuutengeneza mtupo wake. Lawama hiyo naipeleka kwenye miaka hiyo, si kwenye ile sekunde moja.

Na hata hapo nasita kusema kwamba hakuweza. Mwaka 2007 Dirk Nowitzki alikuwa mchezaji bora wa ligi, timu yake ya Dallas imeshinda mechi 67, ikatolewa raundi ya kwanza na Golden State. Walioapa kwamba hawezi walikuwa na ushahidi mkononi. Mwaka 2011 akawafunga Miami, akachukua ubingwa.

Video ya pasi ile ninayo kwenye simu. Najua mwisho wake, na hoja zote hizi nimezikubali. Simmons akigeuka tu, mkono wangu wa kulia unanyanyuka wenyewe kuelekea kikapuni.