Nuru Inayokaza Pasipo Kususuwaza

Ukisimama Kigwa, karibu na Tabora, katika njia ile ambayo wavumbuzi Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley akaifuata mwezi wa Juni 1871 akielekea Unyanyembe, hutaona tena misafara ya wapagazi waliojitwika majora ya merikani. Utaona magunia ya mahindi na karanga, aghalabu ya sandarusi, jina ambalo wazee wetu walilitumia kwa utomvu uliofukuliwa ardhini huko pwani, nalo likahamia kwenye plastiki iliyofumwa, na ubavuni mwa gunia pana maandishi ya chapa. Nami kila niyatazamapo hunijia swali lililowashughulisha wacha Mungu tangu kale: je, uthabiti na upole vyaweza kukaa katika nafsi moja, au mja hana budi kukiacha kimoja ili akipate cha pili?

Magunia hayo huchapwa kwa fleksografia, ufundi ulioitwa uchapaji wa anilini kabla ya kupewa jina hilo mwaka 1952, na bamba lake, tofauti na herufi za risasi za wachapaji wa zamani, ni la mpira au la fotopolima. Lile la mpira hutoka katika kalibu: huchongwa madini, madini yakazaa kalibu, na mpira ukashindiliwa humo kwa joto hata ukaiva, kwa hiyo ni mjukuu wa mchoro, na kila kizazi hupoteza kitu kidogo cha asili yake. Fotopolima haihitaji kalibu. Nuru ya urujuanimno humulika kwanza mgongo wa bamba ili sakafu yake igande, kisha uso wake kupitia filamu, au kupitia utando mweusi uliokwisha kutobolewa na leza. Palipofikiwa na nuru hukaza, na palipositirika huoshwa kwa dawa na burashi, hata herufi zikabaki zimeinuka peke yao.

Hapo ndipo taamuli yangu hukawia. Qurani inazifananisha nyoyo zilizosusuwaa na mawe, na kwa kinywa cha Nabii Ezekieli Mungu aliahidi kuuondoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama. Ilhali hapa pana kitu kilichokazwa na nuru yenyewe, nacho si jiwe, maana ukikibonyeza kwa kidole gumba hunywea, na ukikiachia hurejea umbo lake, wala hakuna herufi hata moja iliyobadilika.

Tena mabamba hayalingani. La sanduku la karatasi lenye mawimbi ndani yake huwa nene na laini, kwa kuwa bamba gumu lingegusa matuta na kuyaruka mabonde, na likikandamizwa zaidi lingelivunja sanduku. La plastiki nyororo huwa jembamba, pengine milimita 1.14 tu, na gumu zaidi, nukta zake ndogo zisije zikatandaa zikaharibu sura. Basi fundi mwema, kabla ya kuchagua bamba, huuliza hali ya yule atakayepokea chapa, na hili naliona ni adabu ambayo wengi wetu tuhubirio dini tumeikosa, tukidhani kwamba neno moja hudai mkono mmoja kwa watu wote.

Na herufi za bamba zimegeuzwa, kulia kushoto, hata bamba lenyewe halisomeki. Husomeka juu ya gunia, lililofungwa nyuma ya baiskeli inayosukumwa kutoka Kigwa kuelekea Tabora.