Mtoto Aliyefiwa Aambiwe Nini?

Yako maswali ambayo watu wazima huulizana kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba, wakati wa msiba. Mojawapo ni hili: watoto je, waambiwe? Baba amefariki usiku. Majirani wanafika, kina mama wanabandika vyungu, turubai linafungwa, na mtoto wa miaka sita anapelekwa nyumba ya pili akacheze na wenzake. Akiuliza, anaambiwa baba amesafiri. Sisi wenyewe tumesema maneno hayo, tena si mara moja, na tulidhani ni huruma. Leo twataka kuuliza kama ni huruma kweli, na kama ni huruma, ni kwa ajili ya nani.

Tuanze na jambo linalojulikana juu ya akili ya mtoto. Mwaka 1983 wataalamu wawili, Heinz Wimmer na Josef Perner, walitoa habari za uchunguzi walioufanya kwa watoto huko Austria. Walimsimulia kila mtoto kisa cha mvulana aitwaye Maxi, aliyeweka chokoleti yake kabatini kisha akatoka kwenda kucheza. Huku nyuma mama yake akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi, ataitafuta wapi? Watoto wa miaka 3 hadi 4 hawakuweza swali hilo. Walionyesha pale chokoleti ilipo sasa, kana kwamba wanalolijua wao kila mtu analijua. Lakini wa miaka 4 hadi 6, asilimia 57 walijibu sawasawa, na wa miaka 6 hadi 9 walikuwa asilimia 86.

Mtu aweza kusema hayo ni mambo ya watoto wa Ulaya, wenye makabati na chokoleti. Wataalamu nao walijiuliza hivyo hivyo. Mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris waliandika juu ya watoto wa Wabaka, watu wa misitu ya Kameruni wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma. Kule hapakuwa na kabati. Mtu mzima alipika kokwa za embe mwitu mbele ya mtoto, akazitia katika bakuli lenye kifuniko, akaaga kwenda barazani kwa wanaume. Mwenzake akamwambia mtoto azitoe na kuzificha mahali pengine. Kisha akamwuliza: yule akirudi atatafuta wapi? Na moyo wake utakuwaje kabla ya kufunua bakuli, na baada ya kufunua? Wengi wa watoto wenye umri wa kama miaka mitano walijibu vema. Atakwenda kwenye bakuli. Atakuwa na furaha kwanza, halafu atahuzunika.

Tuliofundisha darasa la kwanza hatukustaajabu sana, maana mtoto anayejua kumficha mwalimu daftari la jirani yake amekwisha kufika hapo. Ila hatukuwahi kufikiri maana yake nyumbani. Mtoto anayeweza kusema moyo wa mtu aliyefichwa kokwa utakuwaje, anaweza pia kutambua kwamba yeye mwenyewe anafichwa. Mrudishe sasa kwenye nyumba ya msiba. Anaona mama analia, anaona viti vya kuazima, anasikia jina la baba yake likitajwa halafu watu wananyamaza akipita. Anajua mambo mawili: kwamba baba amekufa, na kwamba wakubwa wanataka yeye asijue. Hilo la pili ndilo zito. Kwa kuwa anatupenda, anatusaidia. Anajifanya ameamini.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, watumishi wa Daudi waliogopa kumwambia mfalme kwamba mtoto wake mchanga amekufa. Walinong'onezana, naye kwa kuwaona wakinong'ona akafahamu. Akawauliza, wakamjibu. Twakisoma kisa hiki kama habari za mfalme, lakini kila mtoto katika nyumba ya msiba amekaa pale alipokaa Daudi, isipokuwa yeye akiuliza hajibiwi.

Hapa yatupasa kusema habari zetu. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha, ilikuja habari wakati wa mapumziko kwamba mama wa mvulana mmoja wa darasa la tatu amefariki. Walimu tulishauriana, tukaamua aambiwe anaitwa nyumbani, kuna wageni. Sisi ndio tuliopewa kazi ya kumsindikiza. Yule mtoto alimrudishia mwenzake rula aliyoazima, akakusanya madaftari yake yote, si la siku ile tu, akatufuata. Njiani tulimpokea mfuko wake. Tuliongea juu ya mvua, juu ya mahindi, juu ya tembo waliotoka upande wa Mkomazi wakaharibu mashamba. Hakuuliza neno. Tulishukuru Mungu kwamba hakuuliza.

Tulikutana naye gulioni akiwa mtu mzima, ana watoto wake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akatuambia, bila hasira, "Mwalimu, siku ile nilijua uliponipokea mfuko. Hakuna mwalimu aliyewahi kunibebea mfuko." Tukamwuliza mbona hukusema. Akajibu, "Niliona unaogopa."

Mtoto wa miaka kumi alitembea kwa mwendo wa saa nzima akituchukulia mzigo wetu, nasi tulidhani tunamchukulia wake.

Wako waliojaribu njia nyingine, na hapa mkoani kwetu. Kuanzia mwaka 2013, Moshi mjini na vijijini, na huko Bungoma nchini Kenya, walikusanywa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wa umri wa miaka 7 hadi 13, wenye huzuni isiyokwisha au waliosumbuliwa na kumbukumbu za kifo kile. Kazi hiyo iliongozwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya Washington na Duke vya Marekani, pamoja na mashirika ya hapa. Upande wa Moshi lilikuwa TAWREF. Nusu ya watoto walipewa misaada ya kawaida wanayopewa yatima. Nusu nyingine walipewa tiba ya mazungumzo: vikao 12 vya kundi, na vingine vitatu au vinne vya mtoto peke yake. Walezi nao walikuwa na vikao vyao. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Mtoto alifundishwa kutulia, kutaja anavyojisikia, na mwisho kusimulia kwa kinywa chake mwenyewe jinsi mzazi wake alivyokufa, jambo ambalo pengine hakuna mtu aliyewahi kumwomba alisimulie. Ndipo yanapotoka yaliyofichika. Mtoto aweza kukaa miaka akiamini mama alikufa kwa sababu yeye alikataa kuteka maji siku ile. Nani atamwondolea wazo hilo, ikiwa kwa maneno yetu mama hajafa, amesafiri tu?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Tiba ilipomalizika, waliotibiwa walikuwa na nafuu kuliko wenzao katika sehemu tatu kati ya nne. Moshi vijijini hapakuwa na tofauti. Mwaka mmoja baadaye, wa Kenya walikuwa bado mbele, lakini hapa Tanzania makundi mawili yalikuwa sawa, wote wamepata nafuu. Tumeandika hayo yote kwa sababu haifai kuficha nusu ya habari katika makala inayouliza juu ya kuficha.

Basi atatokea mtu aseme: mwaona, wamepona wote, muda huponya, tuendelee kama zamani. Huenda muda huponya. Sisi twakisia pia kwamba wale wengine nao walipata kitu, maana walikaa na mtu mzima akawauliza waziwazi juu ya kifo kile, wala hawakuambiwa nyamaza. Lakini tuseme tumekosea, na kweli mtoto aliyedanganywa anapona sawasawa na aliyeambiwa. Je, swali letu limekwisha? Twaona halijaisha. Ukweli ukiwa dawa, twaweza kuuacha tukipata dawa nyingine. Ukiwa deni, mdai hana budi kulipwa hata kama ana afya njema. Baba yule ni baba yake. Kifo kile ni chake kabla hakijawa chetu.

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, aliandika kitabu cha kupinga uongo yapata mwaka 420, na ndani yake ametaja mgonjwa mahututi ambaye mwanawe wa pekee amekufa naye hajui. Akiuliza kama mwanawe yu hai, na jibu laweza kumwua, asemeje mtu? Agostino anakiri kwamba jambo hilo lamchoma, hata hivyo haruhusu uongo. Sisi hatuna ukali wake, na kitandani pa mgonjwa wa namna ile hatujui tungesema nini. Lakini tukiwa na mtoto, mara nyingi hatuogopi kwamba atakufa. Twaogopa atalia, nasi tutalia mbele yake.

Desturi yetu ya kumfikishia mtu habari kidogo kidogo hatuipingi. Kwanza huambiwa mgonjwa amezidiwa, kisha njoo nyumbani, kisha mzee mmoja hukaa naye na kumweleza. Ina hekima nyingi. Kosa ni kwamba kwa mtoto twaanza safari hiyo na hatuimalizi. Yule mzee wa mwisho hafiki. Na mtoto ambaye kwa miezi halali, hali, wala hachezi, apelekwe kituo cha afya. Msidhani kusoma makala kunatufanya waganga.

Si zamani tulikuwa kwenye msiba hapa Kisiwani. Msichana mdogo, hajaanza shule, alikuja akasimama karibu na kiti chetu akauliza mama yake yuko wapi. Tulitazama huku na huku tumtafute mtu wa karibu zaidi; baba yake alikuwa kaburini na wachimbaji. Tukamwambia, "Mama amekufa, mjukuu." Alitutazama kwa muda. Halafu akauliza, "Na bibi anajua?"

Tukamwambia anajua. Akaenda ndani kwa bibi yake.