Je, Ni Haki Kuzoeana na Mtoto Halafu Ukaondoka?



Baada ya masomo ya falsafa nilitumwa mwaka wa kichungaji katika kituo cha watoto cha parokia. Asubuhi ni chekechea. Mchana wanakuja wa darasa la kwanza hadi la tatu, wanakaa hadi wazazi watoke sokoni au kazini. Kazi yangu: kugawa uji, kusimamia kazi za nyumbani, kuamua ugomvi wa penseli. Na kupangusa kamasi, kitu ambacho shahada ya falsafa haifundishi.

Wiki ya pili binti wa miaka sita akaniuliza, "Frateri, wewe unaondoka lini?" Hakuuliza kama nitaondoka. Walimu wa fildi wamepita pale, wanovisi wamepita, watoto wameshazoea. Nikamjibu, "Mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa." Akasema "sawa", akanipa penseli nimchongee.

Ile "sawa" ilinipa kazi ya kufikiri. Kwa kweli, mimi nilipelekwa pale nijifunze, na mwisho wa mwaka ripoti inakwenda kwa gombera. Sasa yule mtoto ni nani katika ripoti yangu? Kitabu changu cha mazoezi?

Immanuel Kant, mwaka 1785, aliandika kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Shikeni hilo neno "tu". Daktari hujifunza kwa wagonjwa, padre mpya hujifunza kuhubiri kwa waamini wanaomvumilia. Kujifunza kupitia mtu si dhambi. Ubaya unaanza pale ambapo, ukiondoa ripoti, hakuna kinachobaki kati yako na yeye.

Wapo wanaoshauri, "Usiwazoee, utawaumiza." Kuna hekima humo: usitoe ahadi usizoziweza, usiwe na mtoto wako wa pekee. Lakini kukaa mbali kabisa kunamlinda nani? Mara nyingi kunanilinda mimi. Mtoto ana miaka minne mwaka huu tu. Upendo anaouhitaji leo hauwezi kuwekwa kabatini umsubiri.

Someni Marko sura ya 10. Wanafunzi waliwakemea waliowaleta watoto, Yesu akachukizwa. Akawakumbatia watoto, akaweka mikono juu yao, akawabariki. Mstari unaofuata, tayari yuko njiani anaondoka! Hakuhamia kwao. Ila kwa muda aliokuwa nao, alikuwa nao kweli.

Basi naona haki ya mtoto hapa ni mambo matatu. Uwepo mzima: simu mfukoni, jina lake mdomoni. Ukweli kuhusu siku ya kuondoka, bila "nitarudi" za kumnyamazisha. Na kutojifanya nguzo: ajue kwamba mwalimu wake, mama yake na Mungu wake wanabaki. Mpendwa wa kupita asichukue nafasi ya wanaobaki.

Wewe uliye fildi, unayefundisha watoto katekesi au unayejitolea wakati wa likizo, jiulize leo: kama hakuna anayeandika ripoti wala kupiga picha, bado ningechuchumaa kumsikiliza huyu mtoto?

Bwana Yesu, uliyekuwa na haraka ya safari lakini si haraka na watoto, utufundishe kupita vizuri katika maisha ya wadogo. Amina.