Mheshimiwa, uliza tarehe

Juma hili nilikuwa nasikiliza kipindi cha maswali bungeni, na kuna jibu moja limenikaa kooni mpaka leo. Mbunge alisimama akataka kujua ni lini Serikali itapunguza msongamano katika gereza la wilaya yake, ambako mahabusu wanalala kwa zamu. Naibu Waziri akasoma jibu: Serikali inaitambua changamoto hiyo na itaendelea kujenga na kukarabati mabweni ya wafungwa kadri fedha zitakavyopatikana. Mbunge akashukuru kwa majibu mazuri. Maswali yake mawili ya nyongeza akayapeleka kwingine: moja kwa walimu wa sayansi wanaokosekana kwenye shule ya kata, la pili kwa zahanati ambayo wananchi wamepandisha boma kwa nguvu zao na sasa mvua inalinyeshea, halina paa. Akaambiwa walimu wataletwa kadri vibali vya ajira vitakavyotoka, na boma litaezekwa kadri ya upatikanaji wa fedha. Akashukuru tena, akaketi.

Sina shaka na nia ya mbunge yule. Wapo wenzake wanaomaliza mkutano mzima wa Bunge bila kulitaja gereza hata mara moja, maana gereza halina kura za kuombwa. Yeye amelitaja, na ninamheshimu kwa hilo. Kinachoniuma ni wepesi aliokubali nao jibu lisilo na tarehe, lisilo na kiasi cha fedha, lisilo na jina la mtu atakayewajibika.

Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi, na njia ya kwanza inayotajwa pale ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote la umma lililo katika wajibu wake. Ya kwanza, kabla ya bajeti na kabla ya miswada. Katika Bunge ambalo viti karibu vyote ni vya chama kimoja, swali ndilo chombo cha kila siku kilichobaki mkononi mwa mwananchi wa kawaida. Likiulizwa kwa ulegevu, hana kingine.

Wapo wanaosema mbunge yule alichanganya mambo: magereza, elimu na afya ni wizara tofauti, kila moja ingeulizwa kwa siku yake. Mimi naona aligusa jambo moja, ila hakulishika mpaka mwisho.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye viwanja vya mahakama moja ya wilaya. Chini ya mwembe alikaa mama mmoja, muuza vitumbua, na mtoto wake wa kiume aliyevaa sare za shule. Ilikuwa siku ya masomo, saa nne asubuhi. Mtoto alikuwa amekumbatia daftari lililofunikwa kwa gazeti, kona zake zimeshaanza kuchakaa. Karandinga lilipoingia akasimama, akawa anawahesabu wanaoshuka mpaka alipomwona baba yake, kafungwa pingu pamoja na kijana asiyemfahamu. Baba alikuwa anakohoa. Alikohoa akishuka, akakohoa tena alipokuwa anapandishwa ngazi, na yule kijana mwenzake wa pingu akawa anageuza uso pembeni.

Ndani mambo hayakuchukua muda. Mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika, akaomba tarehe nyingine. Hakimu akapanga wiki mbili mbele, kesi ije kutajwa. Dhamana ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, lakini baba alitakiwa kupata wadhamini wawili wenye vitambulisho vya taifa na barua za serikali ya mtaa, na ndugu zake wako kijijini mbali na pale. Karandinga likawasha moto.

"Kaka, nimemleta amwone baba yake tu," mama aliniambia. "Shuleni wamemrudisha, wanataka mchango wa chakula, na mimi mtaji wote umeishia kwenye nauli za huku. Na hicho kikohozi amekipata humo humo ndani. Afande kasema atapelekwa hospitali gari likipatikana."

Nani atamjibu mama huyu? Bungeni, gereza ni la Wizara ya Mambo ya Ndani. Dhamana ni ya Katiba na Sheria. Kikohozi ni cha Afya. Shule ya msingi ya mtoto iko chini ya TAMISEMI. Mawaziri wanne, kila mmoja na karatasi yake, na hakuna hata mmoja anayewajibika kwa familia hiyo nzima. Ndiyo maana nasema mbunge hakuchanganya mambo. Serikali ndiyo iliyoyagawa, na mtu pekee mwenye nafasi ya kuyaunganisha ni yule aliyesimama na maikrofoni.

Najua kuna msomaji aliyeanza kukunja uso. Atasema: ndugu mwandishi, wananchi wema wanakosa dawa kwenye zahanati, wewe unatuletea habari za wahalifu? Mfungwa alale chini, alijitakia.

Nimjibu kwa heshima. Kwanza, baba yule wa karandinga si mfungwa. Ni mahabusu, na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Magereza ya nchi hii yamejengewa uwezo wa kuhifadhi watu 29,902, na kwa miaka mingi yamebeba zaidi ya hapo, sehemu kubwa wakiwa watu ambao hakuna hakimu aliyewatia hatiani. Pili, kikohozi kama kile kinaweza kuwa kifua kikuu, nacho huambukizwa kwa hewa. Kikipata bweni lililojaa, lenye madirisha madogo, hakitasubiri hukumu, na wala hakitakaa humo. Kitatoka na askari anayerudi nyumbani kwa wanawe jioni, na kitatoka na mahabusu siku atakayoachiwa, apande daladala pamoja na mimi na wewe. Tatu, hata huyo aliyetiwa hatiani amehukumiwa kupoteza uhuru wake. Mahakama haikumhukumu kuugua. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile anachopata raia aliye nje. Na kama huko nje nako dawa hazipo, dai letu liwe dawa zipatikane pande zote mbili za ukuta.

Tena msongamano una dawa zisizohitaji tofali hata moja. Tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu mwaka 2002, inayoruhusu mtu aliyehukumiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu kufanya kazi za umma akiwa anaishi nyumbani kwake. Tarehe 9 Desemba 2019, Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo, akieleza wazi kuwa magereza yamejaa na wengi wamefungwa kwa makosa madogo. Msamaha ulikuwa mwema, lakini mlango wa kuingilia ulibaki vile vile, na anayekosa mdhamini leo anaingia kwa njia ile ile. Januari 2023 Rais Samia akaunda tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huohuo akakabidhiwa ripoti. Hapo ndipo mbunge wetu angesimama na kuuliza: mapendekezo ya tume ile yanayohusu mahabusu, lipi limetekelezwa katika wilaya yangu, na lililobaki litatekelezwa lini? Naibu Waziri asingeweza kulijibu kwa sentensi iliyozoeleka.

Wa pili kunipinga ni yule anayesema fedha kweli hazipo, na Waziri hawezi kutaja tarehe asiyo na uwezo nayo.

Namkumbusha Oktoba 2021. Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ikatangaza madarasa 15,000, yakiwamo ya shule shikizi, ikataka yawe tayari wanafunzi watakapofungua shule Januari. Wakuu wa mikoa na wilaya wakapewa siku. Mafundi wakafanya kazi hata usiku, na wakurugenzi wa halmashauri walijua kila mmoja ataulizwa kwa jina lake. Madarasa yakasimama. Ndiyo, fedha zilikuwepo. Lakini fedha huwepo katika kila bajeti, na shule za kata na zahanati nyingi zimekwama huku fedha zikitoka. Kilichoongezeka mwaka ule ni tarehe, na mtu wa kuulizwa tarehe ikipita. Sijawahi kuona jambo hilo likifanywa kwa bweni la mahabusu, na sioni sababu lisifanywe.

Kwa hiyo sikubali kwamba "kadri ya upatikanaji wa fedha" ni jibu. Mbunge anaposikia maneno hayo, swali la nyongeza lisihame. Libaki palepale gerezani: ni kiasi gani kimetengwa mwaka huu wa fedha, kimeshatoka kiasi gani, bweni litakamilika mwezi gani? Zahanati na walimu wana haki ya maswali ya msingi ya kwao, siku nyingine, yakiulizwa kwa ung'ang'anizi uleule. Na Bunge lifanye kama wenzetu wa Uganda, wenye kamati maalumu ya ahadi za Serikali, ambayo kazi yake ni kuchukua kila kilichoahidiwa ukumbini na kukifuatilia mpaka kitekelezwe au kielezwe kwa nini hakikutekelezwa.

Nasi wapiga kura tuna sehemu yetu. Taarifa Rasmi za Bunge zinawekwa kwenye tovuti yake, neno kwa neno, bure. Tafuta maswali ya mbunge wako, soma alichojibiwa, andika pembeni alichoahidiwa. Akija kwenye mkutano wa hadhara, msimame mumuulize: Mheshimiwa, lile jibu la gereza, la shule na la zahanati, ulipewa tarehe gani?